Wanaamka Saa Ngapi? Kuhusu podikasti ya Uhispania ambayo bado haijarekodiwa

Rafiki yangu mmoja anayesoma Kihispania Nairobi alinitumia orodha kwa WhatsApp saa tano usiku. Anataka kuanzisha podikasti ya Kiswahili kuhusu Uhispania: utamaduni na maisha ya kila siku, vipindi kumi, dakika ishirini kila kimoja. "Niongezee mawazo," aliandika, "si wewe ndiye mkosoaji." Orodha yenyewe ilikuwa hii: flamenco, paella, siesta, mafahali, vita vya nyanya vya Buñol, tapas, El Clásico, Money Heist, Ibiza, na hija ya Santiago.

Nilikuwa Nyaramba, kaunti ya Nyamira, kwa magokoro, yaani nyanya yangu. Aliteguka kifundo cha mguu mwezi uliopita na majani chai hayangoji mtu apone, kwa hivyo nimekuwa huku wiki tatu: mchana nachuna, jioni natafuta mtandao. Asubuhi iliyofuata nilimsomea orodha tukiwa jikoni, nikiitafsiri kwa Ekegusii kadiri nilivyoweza. Flamenco nikasema ni nyimbo na densi. Paella nikasema ni wali, na kuna mahali wanaupika na sungura na konokono. Binamu yangu mdogo aliposikia vita vya nyanya alidhani ni vita vya akina magokoro, akataka kujua nani alishinda. Magokoro mwenyewe alinyamaza, akasukuma kuni, kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Na hao watu wanaamka saa ngapi?"

Nilipitia ile orodha tena. Hakukuwa na kipindi hata kimoja ambacho kingemjibu.

Sitaki kumwonea rafiki yangu. Orodha yake si mbaya, ni ile ile tu. Tafuta podikasti yoyote ya utamaduni wa Uhispania na utakutana na hivyo vitu kumi, labda kwa mpangilio tofauti. Shida ni kwamba Mhispania wa kawaida anaweza kumaliza mwaka mzima bila kugusa hata kimoja. Vita vya Buñol ni asubuhi moja ya Jumatano mwishoni mwa Agosti, kwa mji mmoja mdogo. Mafahali wanagawanya nchi yenyewe: bunge la Catalonia liliwapiga marufuku mwaka 2010, na mahakama ya katiba ikaja kulitupa katazo hilo 2016. Na ule wimbo maarufu wa Money Heist, ambao nusu ya Nairobi iliuimba bila kujua maneno, ni wa Kiitaliano.

Hebu igeuze. Fikiria mtu wa Madrid anatengeneza podikasti kuhusu Abagusii. Kipindi cha kwanza ndizi. Cha pili mawe ya sabuni ya Tabaka. Cha tatu obokano. Cha nne tohara. Cha tano, bila shaka, uchawi. Ndizi zipo, Tabaka ipo, obokano inapigwa, na bado hakuna mtu wa Nyaramba ambaye Jumanne yake imo humo. Jumanne ya Nyaramba ni kungojea lori la majani, kutafuta chenji ya bodaboda, kupiga simu shuleni kuuliza kama karo inaweza kulipwa nusu. Ukimwambia huyo Mmadridi hivyo atasema hiyo haina utamaduni. Hapo ndipo nagombana naye, na ndipo nagombana na orodha ya rafiki yangu.

Nilisikiliza podikasti kadhaa kabla ya kumjibu. Nilizisikiliza nikiwa shambani, kikapu mgongoni, iyafoni moja sikioni na sikio lingine limeachwa wazi ili nisikie nikiitwa. Naona hiyo ni njia nzuri ya kupima podikasti ya maisha ya kila siku. Kama haiwezi kuvumilia kuchuna chai, ina kasoro.

Coffee Break Spanish inatoka Scotland na imekuwepo tangu 2006. Mwalimu ana sauti ya upole, hana haraka, na anarudia vizuri. Lakini jina lenyewe limeshaamua msikilizaji ni nani: mtu wa ofisi aliye kwenye mapumziko, kikombe mkononi, anayejiandaa kwenda likizo. Sentensi nyingi anazofundishwa ni za kuagiza na kulipa. Mimi nilikuwa upande ule mwingine wa kikombe. Nilicheka peke yangu kati ya michai, jirani akadhani napigiwa simu na mpenzi.

Duolingo Spanish Podcast, iliyoanza 2017, imepanda ngazi. Mtu halisi anasimulia kisa chake kwa Kihispania chepesi, na msimulizi anaingia kwa Kiingereza kukushika mkono. Visa ni vizuri, vingine vimenisimamisha kabisa. Ila sikiliza ule mkono unakupeleka wapi. Msimulizi anaeleza kile ambacho Mmarekani hatakijua, na anaruka kile ambacho Mmarekani anakijua. Kila maelezo ni picha ya msikilizaji aliyekusudiwa. Nikisikiliza kutoka Nyaramba, mara nyingi naelezwa kitu ninachokijua tangu utotoni, kwa mfano nyumba yenye vizazi vitatu, halafu naachwa gizani pale nilipohitaji taa.

Radio Ambulante, ambayo Daniel Alarcón na wenzake waliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2010, haikushiki mkono. Ni Kihispania kitupu, ripoti ndefu, nyingi za Amerika Kusini na Kati. Sikuelewa robo tatu. Lakini nilisikia jinsi wanavyomwacha mtu amalize sentensi, na jinsi jogoo au pikipiki vinavyobaki kwenye sauti bila kufutwa.

Na kuna moja ya kwetu ambayo rafiki yangu anapaswa kuisikiliza mara mbili kabla ya kununua maikrofoni: Until Everyone Is Free, ya Stoneface Bombaa na April Zhu, kuhusu Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Wanaisimulia kwa Sheng. Pinto, mtoto wa Wagoa, mwanahabari na mjamaa, angeweza kuwa somo la historia la kulaza watu. Wao wanamleta kupitia mambo ambayo msee wa mtaani anayajua leo: ardhi, kodi ya nyumba, polisi. Unafika kwa Pinto kwa kupita nyumbani kwako. Hiyo ndiyo kazi ninayomdai rafiki yangu. Kuwa na Kiswahili kwenye jina hakutoshi. Kipindi kuhusu Uhispania kwa Kiswahili lazima kimjue anayesikiliza, na kimwache aulize.

Kwa hivyo haya ndiyo mawazo niliyomtumia, na sababu zake.

La kwanza ni la magokoro. Lipe jina Saa ya Nani. Mhispania wa kawaida anakula cha mchana kati ya saa nane na saa tisa na nusu, na cha jioni saa tatu usiku au hata saa nne. Podikasti karibu zote zinataja hili na kulieleza kwa tabia: ati wanapenda raha, hawana haraka, wanalala mchana. Sasa chukua ramani. Uhispania iko magharibi mwa Ulaya, chini ya Uingereza, na mstari wa Greenwich unapita mashariki mwake. Kwa jua, ingepaswa kutumia saa moja na London, na ndivyo ilivyokuwa mpaka tarehe 16 Machi 1940. Usiku huo serikali ya Franco ilisogeza saa mbele ili zilingane na za nchi nyingine za Ulaya, wakati ambapo Ujerumani ya Hitler ndiyo iliyokuwa mbabe wa bara. Saa hazikurudishwa. Matokeo yake, Madrid wakati wa kiangazi jua linafika utosini yapata saa nane na robo. Anayekula saa nane anakula jua likiwa juu ya kichwa chake, sawa kabisa na magokoro.

Saa peke yake haielezi kila kitu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe watu wengi walishikilia kazi mbili, moja asubuhi na nyingine jioni, na ile nafasi ya katikati ikazoeleka hata kazi ya pili ilipoisha. Leo Wahispania wengi wa mjini hawalali mchana hata kidogo. Wamebaki na siku ndefu iliyokatwa katikati na wanafika nyumbani usiku. Lakini mzungumzaji wa Kiswahili analishika jambo hili haraka kuliko msikilizaji yeyote wa Duolingo, kwa sababu saa yetu huhesabiwa kutoka jua linapochomoza. Na sisi pia tumesogezwa. Saa za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, kwa hivyo huku Nyamira jua hufika utosini kwenye saa sita na dakika arobaini hivi. Halafu juu ya hiyo kuna saa ya tatu, ya lori la kiwanda cha chai, ambalo likichelewa kijiji chote kinachelewa kula.

Nilimweleza magokoro haya yote, nikamwambia Desemba jua la Madrid linachomoza saa mbili na nusu asubuhi.

"Kwa hivyo wanaenda kazini gizani," akasema. "Maskini."

Wazo la pili ni Burlada, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu naamini kila Mkenya mwenye simu ameshatumiwa kisa hiki. Tarehe 2 Desemba 2012, mbio za nyika za Burlada, jimbo la Navarra. Abel Mutai, aliyekuwa ameshinda shaba ya kuruka viunzi na maji mita 3000 kwenye Olimpiki ya London mwaka huo huo, anaongoza. Anadhani amemaliza, anapunguza mwendo mita chache kabla ya mstari. Nyuma yake ni Mhispania, Iván Fernández Anaya. Badala ya kumpita, anabaki nyuma yake na kumwelekeza kwa ishara mpaka Mutai anavuka wa kwanza. Ni tendo zuri. Halikuwa jambo la kawaida hata kwao: kocha wake, Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni wa 1995, alikiri kwamba yeye mwenyewe asingefanya hivyo.

Sasa angalia kisa kinavyosimuliwa. Kwenye zile jumbe za WhatsApp, Mhispania ana jina, ana maadili, ana hotuba nzima kuhusu mamake ambayo mtu fulani ameitunga na kumwekea mdomoni. Mutai ana kosa. Yeye ni Mkenya aliyechanganyikiwa, hakuelewa lugha, akaokolewa. Kisa kinahubiriwa makanisani, kinasomwa kwenye semina za uongozi, hapa hapa kwetu, na sisi tunapiga makofi kwa ajili ya mtu mwingine.

Mimi ningependa kipindi kinachoanzia miguuni pa Mutai. Mkimbiaji wa Kenya anayezunguka Ulaya kwa msimu wa baridi anaishi vipi? Nani anamlipia tiketi, nani anachukua asilimia ngapi, anakula nini, anaongea na nani jioni? Ni nini kufika kwenye mji ambapo hata alama za mstari wa mwisho zinaongea lugha nyingine, halafu kushinda? Maana Wakenya wameandika historia Uhispania kwa miguu. Kibiwott Kandie alikimbia nusu marathoni Valencia kwa dakika 57 na sekunde 32 mwezi Desemba 2020, rekodi ya dunia wakati huo. Kelvin Kiptum alikimbia marathoni yake ya kwanza kabisa Valencia Desemba 2022, saa 2, dakika 1 na sekunde 53, na dunia ikajua jina lake pale. Kwa Wavalencia, kuwatazama Wakenya barabarani Jumapili moja ya Desemba ni sehemu ya mwaka. Hiyo ni maisha ya kila siku ya Uhispania, na sisi tumo ndani.

La tatu ni fupi: majina. Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na mwanamke akiolewa habadilishi chochote. Zamani la baba lilitangulia lazima. Sheria ya 1999 ikawaruhusu wazazi kukubaliana la mama litangulie, na tangu Juni 2017 la baba halitangulii tena lenyewe. Weka hilo kando ya Gusii, ambako mtoto anabeba jina la ndugu aliyefariki, na kando ya foleni ya kitambulisho, ambako dada yangu aliulizwa jina la mume kabla hajaulizwa lake. Hapo hauhitaji mtaalamu. Washa maikrofoni sokoni Nyaramba, uliza akina mama watano wanaitwaje na tangu lini.

La nne: shuka. Mitaani Barcelona na Madrid kuna wachuuzi, wengi Wasenegali, wanaoitwa manteros kutokana na neno la Kihispania la blanketi. Wanatandaza bidhaa kwenye shuka iliyofungwa kamba kwenye pembe nne, na askari wakitokea wanavuta kamba, kila kitu kinajifunga kuwa mzigo, wanakimbia. Mtu yeyote aliyewahi kupita katikati ya jiji la Nairobi jioni wakati kanjo wanatokea anaijua hiyo sauti ya plastiki ikikusanywa. Tarehe 15 Machi 2018, Mame Mbaye, Msenegali aliyekuwa ameishi Uhispania zaidi ya miaka kumi bila kupata makaratasi, alianguka na kufa kwa moyo mtaani Lavapiés, Madrid. Wenzake walisema alikuwa ametoka kufukuzwa na polisi, mamlaka zikakana. Mtaa uliwaka usiku huo. Wachuuzi wa Barcelona nao wana chama chao na hata chapa yao ya nguo, Top Manta. Rafiki yangu alipoona wazo hili aliandika, "Lakini hawa si Wahispania." Nikamuuliza kama yeye, aliyezaliwa Nairobi na wazazi wa Kisii, ni mtu wa Nairobi. Hajajibu.

La tano: lugha. Kwenye orodha yake Kihispania ni kimoja na nchi ni moja. Lakini kuna Kikatalani, Kigalisia na Kibaski, na chini ya Franco lugha hizo zilifukuzwa shuleni na maofisini. Katika nchi ya Wabaski walimu walikuwa na pete: mtoto akishikwa akiongea Kibaski anaivaa, anaikabidhi kwa mwingine atakayemshika, na wa mwisho kuwa nayo anaadhibiwa. Ukisoma hivyo na umesoma shule ya Kenya, unajua tayari. Sisi tuliiita diski. Mimi niliivaa darasa la tatu kwa kusema "baba" nikimaanisha mama, maana kwa Ekegusii baba ni mama na tata ndiye baba, na mwalimu alinichapa kwa makosa mawili, la lugha na la maana. Kipindi hicho pia ndicho cha kukumbusha watu kwamba Kihispania ni lugha ya Afrika. Equatorial Guinea ilitawaliwa na Uhispania mpaka tarehe 12 Oktoba 1968 na bado inakitumia serikalini na shuleni. Mwandishi wake Donato Ndongo-Bidyogo ameandika riwaya kwa lugha hiyo. Kwa watu wetu Kihispania kimekuwa tamthilia za Mexico zilizotiwa sauti ya Kiingereza, zile za Cuando Seas Mía. Hakuna ubaya. Lakini mtu anaweza kuitazama miaka ishirini bila kujua kwamba kuna Mwafrika anayeota kwa lugha hiyo.

La sita ndilo lililonipa taabu.

Uhispania ilipigana yenyewe kwa yenyewe kuanzia 1936 hadi 1939. Franco akashinda, akatawala mpaka alipofariki Novemba 1975. Mwaka 1977 bunge likapitisha sheria ya msamaha: wafungwa wa kisiasa watoke, na waliotesa na kuua wasiguswe. Watu wakakubaliana, bila kuandika popote, kutoliongea. Makumi ya maelfu walikuwa bado wamelala kwenye makaburi ya pamoja kando ya barabara na mashamba, na familia zilijua ni wapi. Watu walipita hapo wakienda sokoni. Oktoba 2000, mwanahabari Emilio Silva aliwezesha kufukuliwa kwa kaburi moja Priaranza del Bierzo, mkoa wa León. Alikuwa anamtafuta babu yake. Walitoka watu kumi na watatu. Baada ya hapo wajukuu wengine wakaanza kupiga simu, na 2007 nchi ikapata sheria ya kumbukumbu ya historia. Franco mwenyewe aliondolewa kwenye kaburi lake la fahari Oktoba 2019.

Mara nyingi ni wajukuu. Watoto wa waliouawa walikua wakifundishwa kunyamaza. Wajukuu ndio waliokuja kuuliza. Hicho ni kipindi cha maisha ya kila siku kuliko tapas zote, kwa sababu kinahusu kile ambacho familia haisemi mezani.

Niliandika hayo, nikataka kuongeza mstari wa kukifunga na kwetu, na nikajua mstari ni upi. Mapema mwaka 2008, mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka. Nchi nzima ilihesabu waliokufa, 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki. Ripoti ya tume ya ukweli na maridhiano ikakabidhiwa Ikulu Mei 2013, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuitaja. Shangazi yangu alikuwa ameolewa upande huo. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka siku aliyofika hapa Nyaramba: watoto wawili, na kichwa cha cherehani bila meza yake, amekibeba kama mtoto wa tatu. Mjomba hakuja nao. Alikaa kwa magokoro, baadaye akapata kibanda sokoni, na mpaka leo anashona sare za shule kwa cherehani hiyo hiyo. Tunakula naye Krismasi kila mwaka. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Unaona tatizo. Nilikuwa namwelekeza rafiki yangu akawaulize Wahispania kitu ambacho mimi sijamuuliza mtu anayekaa hatua mia tatu kutoka ninapolala. Mkosoaji anaweza kuishi hivyo maisha yake yote, akidai ujasiri kwa wengine.

Nikaenda kibandani kwake siku ya soko, mchana, mvua ikiwa imefukuza wateja. Nilimsalimia, akanipa kiti. Nikamweleza kuhusu podikasti, kuhusu yule mjukuu wa León na babu yake. Alisikiliza akiendelea kukata uzi. Simu ilikuwa mkononi mwangu, nimefungua programu ya kurekodi, sijabonyeza.

"Hiyo kitu iweke mfukoni kwanza," akasema.

Nikaiweka. Akaongea kama saa nzima. Mvua iliisha na watu wakaanza kupita, akawa anaitikia salamu zao na kurudi pale pale alipoachia. Sitaandika alichosema. Hakunikataza, alisema tu kwamba watoto wake hawajawahi kukisikia na wao ndio wanapaswa kuwa wa kwanza. Nilipoondoka alinipa suruali ya binamu niipeleke nyumbani, pindo limeshashonwa.

Rafiki yangu aliniuliza kama nilipata sauti. Nikamwambia hapana. Akasema hiyo ingekuwa kipindi bora kuliko vyote, na nadhani amesema kweli. Pia nadhani podikasti nyingi za maisha ya kila siku zinafeli hapo hapo. Zinataka sauti kabla ya kujua nani mwingine anaingoja. Yule mjukuu wa León alitafuta kwanza kwa ajili ya nyumba yake, na dunia ikasikia baadaye. Mpangilio huo una maana, na hauwezi kuharakishwa kwa sababu msimu una vipindi kumi na wafadhili wanataka ratiba.

Kwa hivyo ushauri wangu kwake ni huu. Weka flamenco, si neno, watu wanaipenda. Weka hata Money Heist. Lakini anza na saa, weka Burlada katikati, na cha makaburi kiwe cha mwisho, ukirekodi tu baada ya kukaa mezani kwenu na kuuliza lile ambalo ninyi mnaliruka. Kama bado hujaweza kuliuliza, toa vipindi tisa. Hakuna atakayehesabu.

Jioni ile magokoro alitaka kujua kama orodha imekwisha. Nikamwambia karibu. Akafikiri kidogo, mguu wake uliofungwa ukiwa juu ya kigoda.

"Waulize pia," akasema, "wakizika mtu, nani anapikia wageni?"

Nimelituma hilo swali kama lilivyo. Ni la saba.